Je, Wajua? Muziki wa Safarini Ulizaliwa Ndani ya Ndege

Walkman ya kwanza, mashine ndogo ya kusikilizia kaseti, ilitengenezwa kwa sababu mtu mmoja alichoka kubeba mzigo. Masaru Ibuka, mwasisi mwenza wa Sony, alipenda kusikiliza muziki akisafiri kwa ndege, lakini mashine yake ya kaseti ilikuwa nzito. Mafundi wakachukua kinasa sauti kidogo, wakaondoa sehemu ya kurekodi, wakaweka stirio. Iliingia madukani Japani tarehe 1 Julai 1979.

Uzuri wake hasa: ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, muziki unapungua, maikrofoni inakuletea sauti ya mwenzako. Viliwekwa kwa sababu Akio Morita, mwasisi mwenza mwingine wa Sony, aliona kusikiliza peke yako ni kukosa adabu.

Mwaka 1978, Amar Bose, mwasisi wa kampuni ya Bose, naye alikuwa angani. Mngurumo wa ndege ukamharibia muziki. Akaanza kupiga hesabu humo humo za jinsi ya kuuzima. Hedifoni za kuzima kelele hunasa mngurumo kwa maikrofoni, kisha hutoa wimbi lililo kinyume chake. Mawimbi hayo mawili yakikutana, kelele hufifia.

Na zile hedifoni ndogo za kuchomeka sikioni? Zisipoziba vizuri, besi hupotea. Badilisha raba zake kwanza kabla hujanunua nyingine za bei ghali.