Je, wajua pembetatu ya Visiga inaweza kuangukia Aktiki?

Ukuzaji wa pembetatu hufundishwa Kidato cha Pili, ukarudi tena Kidato cha Nne pamoja na matriksi, na wengi hutoka shuleni wakikumbuka jambo moja tu: zidisha kila namba ya koodineti kwa 2. Hilo ni kweli iwapo tu kitovu cha ukuzaji kimewekwa kwenye chanzo, yaani (0, 0). Ubaoni chanzo kiko karibu, basi hakuna anayeshtuka. Shida huanza ukienda na kanuni hiyo shambani.

Chukua kiwanja cha mfano pale Visiga, Kibaha, chenye kona tatu. Koodineti za UTM, mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita, kwa upande huu wa Pwani ni za ukanda wa 37 kusini. Tuseme bikoni A, yaani alama ya mpaka kwenye kona ya kwanza, iko (480,000, 9,255,000), B iko (480,040, 9,255,000) na C iko (480,000, 9,255,030). Namba ni kubwa kwa sababu mfumo umepangwa makusudi ili mpimaji asihangaike na hasi: Ikweta imepewa 10,000,000, na longitudo ya 39° Mashariki imepewa 500,000. Visiga iko magharibi kidogo ya longitudo hiyo, ndiyo maana haifiki laki tano.

Pande za kiwanja ni mita 40, 30 na 50. Eneo lake ni mita za mraba 600. Sasa kikuze mara mbili kwa mazoea ya ubaoni. A inakwenda (960,000, 18,510,000). Ondoa ile milioni 10 ya Ikweta, unabaki na mita 8,510,000 kaskazini ya Ikweta: uko kwenye maji ya Aktiki, kaskazini mwa Urusi! Na pembetatu haijaharibika hata kidogo. Kwenye namba pembe ni zile zile, pande ni 80, 60 na 100, kila upande ukiwa sambamba na mwenzake wa Visiga. Kuzidisha kumefanyika sawasawa. Kitovu ndicho kilichochaguliwa vibaya.

Dawa yake ni fupi. Chagua kitovu, tuseme A. Toa koodineti zake kwenye kila kona, zidisha kilichobaki, kisha zirudishe. B ukitoa A ni (40, 0), mara mbili ni (80, 0), rudisha, unapata (480,080, 9,255,000). C inafika (480,000, 9,255,060). A haisogei hata sentimita.

Lakini linaloniudhi zaidi ni eneo. Pande zikizidishwa kwa 2, eneo huzidishwa kwa 4: zile mita za mraba 600 zimekuwa 2,400. Watu hulisahau hili hasa mbele ya mashine ya fotokopi. Kutoka A4 kwenda A3, mashine hukuza kwa asilimia 141, kipeuo cha pili cha 2. Ramani imeandikwa 1:2,500, na mpaka wa sentimita 4 ni mita 100. Kwenye kopi mpaka huo una sentimita 5.66, lakini maandishi yamebaki 1:2,500. Anayepima kwa rula atasoma mita 141, na ekari yake moja itakuwa mbili kwenye karatasi, ilhali shambani haijaongezeka hata hatua. Skeli ya kweli ya kopi hiyo ni kama 1:1,768. Kwa maoni yangu, ramani ya kiwanja isiyochorwa mstari wa skeli isitolewe kopi kabisa, kwa kuwa mstari huo hukua pamoja na ramani na hausemi uongo.

Na hesabu zote hizi zinasimama juu ya bikoni. Anayeing'oa akichimba msingi, au anayeiacha ifukiwe na kifusi, anawaondolea majirani wote mahali pa kuanzia kupima.

Matumizi mengine ya ukuzaji ni mengi: projekta darasani, kuvuta picha kwa vidole kwenye simu, michoro ya nyumba, mabango, nembo za fulana, herufi za vitabu. Kizidishi kikiwa hasi, pembetatu hupinduka upande wa pili wa kitovu, ndivyo taswira inavyoingia kichwa chini ndani ya kamera ya tundu.