Mlo wa Mama Anyonyeshaye: Mtori, Mlaso na Hukumu ya Sheria

Katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, mzazi hutunzwa kwa chakula maalumu. Hupikiwa mtori wa ndizi na nyama, na kwa mila ya zamani huletewa mlaso, yaani damu ya mnyama iliyochanganywa na maziwa au mafuta, ili nguvu zirudi na maziwa yatoke. Wapo pia wanaompa mbege. Dada wa Kiislamu aliyeolewa huko huuliza: nikikataa chakula cha mama mkwe, je, mwanangu hatadhurika?

Kwanza tutazame maziwa yenyewe. Madini ya chuma na kalsiamu yaliyomo hayabadiliki sana kwa mlo wa mama. Mama akila vibaya, hupungukiwa yeye. Lakini vitamini A, vitamini B12 na madini joto hufuata anachokula. Mtoto akizikosa, macho, damu na ubongo wake huweza kudhurika, na athari nyingine hubaki hata baada ya kuachishwa ziwa. Pombe nayo huingia katika maziwa kwa kiwango kinachokaribia kile cha damu ya mama.

Ama hukumu, damu inayomwagika imeharamishwa (Al-An'am, aya 145), na ulevi vilevile (Al-Maida, aya 90). Dharura huhalalisha haramu pale tu halali inapokosekana. Moshi halali ipo: ini, ambalo Sunna imeliruhusu, mayai, maziwa, dagaa, karoti, mboga za majani na chumvi yenye madini joto. Ini hutoa chuma kile kile kinachotafutwa katika mlaso. Mtori nao ni halali, maadamu mnyama amechinjwa kisheria.

Nani agharimie? Al-Baqara, aya 233, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili, na ikamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama kwa kadiri ya uwezo wake. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kuendelea hadi miaka 2 au zaidi. Katika Ramadhani, mama akihofia afya anaruhusiwa kufungua. Kwa madhehebu ya Shafi, atalipa siku hizo; na akiwa alihofia mtoto tu, ataongeza kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku.

Basi mama mkwe aambiwe kwa upole kwamba nia yake ni njema. Aache mlaso na mbege, aongeze mtori na ini. Na mume asimwachie mkewe mazungumzo hayo peke yake.

Wallahu A'lam.