Linux Usambara: Kuanza kwa Flash, Si kwa Bando

Bungu ni kata ya Wilaya ya Korogwe iliyo juu katika Milima ya Usambara Magharibi, safu ambayo mji wake unaojulikana zaidi ni Lushoto. Katika maeneo ya milimani kama hayo, kompyuta huwafikia watu aghalabu ikiwa imekwisha kutumika kwingine, ofisini au kwa ndugu aliyeko Tanga au Dar es Salaam, na umri wake ndio unaoamua itaweza kufanya nini. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na toleo linalofuata, Windows 11, hudai RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64 na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, masharti ambayo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziyatimizi hata kama zingali nzima. Mwenye mashine ya namna hiyo ana sababu ya kutosha ya kuiangalia Linux.

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Linux, kwa maana finyu, ni kiini cha mfumo huo, yaani sehemu inayozungumza moja kwa moja na vifaa. Kilitangazwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kikaunganishwa na zana za mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza huko Marekani mwaka 1983. Kiini hichohicho ndicho kilichomo ndani ya Android, hivi kwamba mkulima wa mboga anayepokea malipo kwa simu janja ya Android anaitumia Linux kila siku, ingawa hakuna aliyemwambia. Kwenye kompyuta, kiini hufungashwa pamoja na programu nyingine katika mikusanyo ambayo watumiaji huiita distro. Debian ilianza mwaka 1993, Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoka mwaka 2004, na Linux Mint ikafuata mwaka 2006.

Hoja inayotangulizwa mara nyingi, kwamba mfumo huu ni wa bure, haina uzito ambao wapenzi wake huudhania. Mtaani Windows nayo ni kama ya bure: fundi humpigia mteja Windows kwa shilingi elfu chache, akamwekea na Office iliyovunjwa kufuli, na mteja akaondoka bila kujua kwamba nakala hiyo inakiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tofauti ya kweli imo katika leseni. Programu huria humpa kila aliyeipokea haki ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza msimbo wake, kuurekebisha na kuwagawia wengine nakala, na haki hiyo ya mwisho, ambayo mtu wa mjini mwenye intaneti ya kasi anaweza kuiona ya kinadharia tu, ndiyo yenye thamani kubwa zaidi mlimani, kwa kuwa faili moja iliyopakuliwa mara moja huweza kuzunguka shule zote za tarafa bila mtu kuvunja sheria wala kulipia bando la pili.

Tanzania si mgeni katika jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi ambayo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, na inasikitisha kwamba haikuendelezwa kwa kasi ileile. Atakayesakinisha Linux leo na kuchagua Kiswahili atakuta sehemu ya maneno imefasiriwa na sehemu nyingine imebaki kwa Kiingereza. OpenOffice yenyewe ilizaa LibreOffice mwaka 2010, nayo ndiyo inayokuja tayari ndani ya distro nyingi.

Kazi ya kuanza huanzia kwenye upakuaji, na hapo ndipo wengi hukwama. Faili ya usakinishaji ya Linux Mint ina ukubwa wa karibu GB 3, na ya Ubuntu karibu mara mbili ya hapo, kiasi ambacho kwa kifurushi cha simu ni gharama isiyo na maana; busara ni kuipakua mahali penye intaneti isiyopimwa, Korogwe mjini, Tanga au chuoni, kisha kuipandisha mlimani kwa flash. Kunakili faili hiyo kwenye flash kama picha ya kawaida hakutoshi, kwa sababu kompyuta haitawaka kwayo. Hutumika programu kama Rufus, inayoifanya flash iwe ya kuwashia na kufuta vyote vilivyokuwemo, au Ventoy, ambayo baada ya kuwekwa mara moja huruhusu faili kadhaa za distro mbalimbali zikae pamoja kwenye flash moja. Kwa fundi anayezunguka vijijini, Ventoy ndiyo inayofaa zaidi.

Kompyuta huzimwa, flash huchomekwa, na mara tu mashine inapowashwa hubonyezwa kitufe cha kuchagua chanzo cha kuwashia, ambacho kwa mashine nyingi za Dell na Lenovo ni F12 na kwa HP ni F9. Linux Mint hufunguka moja kwa moja kutoka kwenye flash bila kugusa diski, na hatua hii ya majaribio haifai kurukwa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na printa inatambuliwa. Baadhi ya kadi za Wi-Fi, hususan za Broadcom, huhitaji kiendeshi cha ziada, na ni afadhali hilo lijulikane kabla mfumo wa zamani haujafutwa. Kwa toleo la Mint lenye mwonekano wa Xfce, RAM ya GB 2 ndiyo kiwango cha chini, ingawa GB 4 huleta raha zaidi. Kabla ya kusakinisha, data zote hunakiliwa kwingine. Chaguo la kufuta diski nzima halina msamaha.

Baada ya hapo programu huongezwa kutoka ghala la distro, na hapa pia flash husaidia. Programu zilizopakuliwa kwa amri ya apt-get hubaki katika folda ya /var/cache/apt/archives zikiwa faili zenye mwisho wa .deb; mwalimu mmoja akizipakua na kuzinakili, kompyuta nyingine zenye toleo lilelile na za aina ileile ya prosesa huzisakinisha bila intaneti. Toleo likitofautiana, huo ni mwanzo wa ugomvi, kwa hiyo darasa zima lichague distro moja na toleo moja.

Kwa shule upo mpango mwingine, ambao mradi wa Linux4Afrika, ulioanzia Freiburg nchini Ujerumani, uliutumia uliposafirisha kompyuta kuukuu kwenda shule za Tanzania na Msumbiji: kompyuta moja yenye nguvu huwa seva, na nyingine, hata zisizo na diski, huwaka kupitia waya wa mtandao na kutumia nguvu ya seva hiyo. Faida yake ni kwamba mwalimu hutunza mashine moja badala ya 20. Hasara yake huonekana umeme unapokatika au radi inapopiga, kwani seva ikiungua darasa zima husimama, na ndiyo maana fedha za UPS na za diski ya akiba zinapaswa kutengwa kabla ya zile za kompyuta ya ishirini na moja.

Kikwazo kilichobaki ni cha mtaala zaidi kuliko cha ufundi. Vitabu vingi vya somo la kompyuta hufundisha kwa picha za Word na Excel, na mwanafunzi aliyezoea LibreOffice atakuta menyu zimekaa tofauti siku ya mtihani wa vitendo. Shule inayotaka kuanza inaweza kubakiza Windows kwenye mashine mbili tatu mpya zaidi kwa ajili ya mazoezi hayo, na kuzipa Linux zile kuukuu ambazo, pasipo hivyo, zingeishia stoo.