Tope la Sabaki na maji ya Malindi

Mgeni anayefika Malindi mwezi Desemba akitarajia bahari ya samawati anaweza kukuta maji ya kahawia. Wenyeji hawashangai. Sabaki ni jina la mwisho la mto uleule uitwao Athi huko bara, na Galana ukishaungana na Tsavo. Athi hupokea maji ya Mto Nairobi, huvuka Ukambani, kisha humwagika baharini kati ya Malindi na Mambrui.

Mafuriko ya masika huupita mji, kwa kuwa kusi huyasukuma maji ya mto upande wa Ghuba ya Ungwana. Taabu huja na mvua za vuli. Hizo hukuta upepo unageuka kuwa kaskazi, na tope hushushwa kusini hadi kwenye fukwe za mji na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968. Ndio msimu wa watalii, kwa bahati mbaya.

Maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari, ambayo hubeba takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo kwanza hutandaa juu. Chembe za mfinyanzi zilizomo husukumana kwa chaji zao za umeme. Zikikutana na chumvi, msukumano huo hupungua, zikagandana na kuzama. Hapo ndipo polipu za matumbawe hufunikwa na nyasi bahari hukosa mwanga. Mbolea iliyosombwa nayo hunenepesha mwani, unaoshindana na matumbawe kupata nafasi.

Pwani utasikia kwamba chumvi huua vijidudu. Ni kweli kiasi, lakini muuaji hodari zaidi ni jua, na tope humkinga mhalifu. Bakteria wa kinyesi hujishikiza kwenye chembe, huzama nazo, na siku ya pili miguu ya waogaji huwatibua upya. Na kwa kuwa chumvi haiwaui wote sawa, maabara zinazopima maji ya bahari hupendelea kutafuta enterokoki, bakteria wa kinyesi wanaostahimili chumvi kuliko E. coli. Anayemeza maji hayo, na watoto humeza sana, huweza kuharisha. Masikio huuma, na kidonda kibichi hupata usaha. Chaza nao huchuja lita kadhaa kwa saa na kukusanya vijidudu mwilini, kwa hiyo kuwala wabichi baada ya mvua ni kujitafutia ugonjwa. Kuoga, subiri siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, hata kama maji yameanza kung'aa.

Tusiwatwike watu wa Nairobi kila kitu. Vijidudu vingi vya huko hufa njiani kabla ya kufika baharini. Vinavyomdhuru muogaji aghalabu hutoka karibu, kwenye vyoo vya shimo na mitaro ya mji wenyewe. Udongo ndio msafiri wa mbali. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha vipimo vya bariamu, madini yanayokuja na udongo, katika tumbawe la Malindi lenye rekodi ya miaka 300 hivi. Kiwango kilitulia karne ya 18 na ya 19, kikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya kikoloni yalipofunguliwa nyanda za juu.

Machakos wakulima huchimba matuta ya fanya juu, udongo wa mtaro ukitupwa upande wa mlimani ili mvua isiuchukue. Hayo hupunguza tope. Mitaro ya Malindi inahitaji fundi mwingine.