“Wanasema” ni Nani?

Mwaka 2014 ami yangu alimkataza bintiye chanjo ya pepopunda, akishikilia kuwa ni njama ya serikali ya kupunguza kabila letu. Nilimkemea mbele ya wanawe, kosa ambalo bado nalijutia. Akaniuliza: “Mwanangu, mwaka 1975 hatukuambiwa J. M. Kariuki yuko Zambia, ilhali maiti yake ilikwisha kuokotwa Ngong?”

Nikanyamaza, kwani hilo ni kweli.

Tangu hapo simbezi. Asemapo “wanasema”, namwuliza kwa adabu (sarufi ndiyo kazi yangu): “Ami, hiyo wa- ni nani hasa?” Aghalabu hukasirika. Siku moja alitafakari sana, akakiri: kinyozi wake. Chanjo, hata hivyo, ilikwisha kupita.