Fahamu: Kwa nini Gambia iliishtaki Myanmar?
 Abubacarr Tambadou aliwahi kufanya kazi mjini Arusha katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwaka 2018, akiwa Waziri wa Sheria wa Gambia, aliwasikiliza Warohingya, Waislamu waliofukuzwa Myanmar, kambini Bangladesh. Alichosikia kilimkumbusha mauaji ya Rwanda. Mataifa makubwa yalitoa matamko na kuweka vikwazo. Gambia, nchi ndogo, ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Novemba 2019, ikiishtaki Myanmar kwa mauaji ya kimbari. Mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari unairuhusu nchi mwanachama kufanya hivyo. Myanmar inakanusha. Januari 23, 2020 majaji, chini ya uongozi wa Msomali Abdulqawi Yusuf, waliiamuru iwalinde Warohingya. Lakini mahakama hiyo haina polisi, na mamia ya maelfu bado wanaishi kambini.