Zawadi ya Mwanafunzi: Usimnunulie Mtoto Uliyemwacha

Ndugu zetu mlioko Muscat, Doha, Riyadh na kwingineko, msimu wa kutuma zawadi nyumbani ukifika wengi wetu tunarudia kosa lile lile. Tunamnunulia mtoto tuliyemwacha, si mtoto aliyepo leo.

Dada mmoja mwenzetu, anayefanya kazi za ndani Muscat, aliondoka mwanawe akiwa chekechea. Mwaka wa nne akatuma mdoli na kitableti cha watoto kinachoimba herufi. Vilimgharimu rial 35, yaani karibu dola 90, nauli ya mzigo mbali. Sanduku lilipofunguliwa bibi akapiga simu ya video. Mtoto alishukuru kwa adabu, kisha akasema, "Mama, mimi niko darasa la tatu. Kusoma najua." Dada anasema usiku ule hakulala, na si kwa sababu ya zile rial 35.

Kwa hiyo kabla ya kununua, piga simu uongee na mtoto mwenyewe. Muulize mambo matatu: uko darasa la ngapi, somo gani linakusumbua, ukitoka shule unacheza na nani? Majibu yake ndiyo yatakayokuchagulia zawadi.

Darasa la kwanza na la pili. Hapa wanajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Ubao mdogo na chaki za rangi, kadi za herufi na namba, au vitabu vya hadithi vyenye picha na maandishi makubwa vinatosha kabisa.

Darasa la tatu na la nne. Tafuta mchezo wa kuhesabu na kufikiri: ludo, drafti au bao. Akirusha dadu mbili anajumlisha bila kujua kwamba yuko darasani. Tena michezo hii ni ya watu wawili au zaidi, kwa hiyo watoto wengine wa nyumba hiyo hawabaki wakikodoa macho.

Darasa la tano kwenda juu. Kamusi ya Kiswahili, mkebe wa jometri, au ramani kubwa ya dunia ya kubandika ukutani. Mwambie atafute nchi uliyopo, aone na bahari iliyo kati yenu.

Nunua kule kule. Vitu hivi vingi vinapatikana madukani nyumbani, hakuna haja ya kulipia mzigo. Drafti fundi seremala wa mtaani anaitengeneza, na vizibo vya soda vinakuwa kete, 12 kila upande. Tuma hela kwa mtu mmoja unayemwamini, mtajie kitu chenyewe na bei yake, kisha omba picha na risiti. Hela hiyo itume peke yake, usiichanganye na ada wala ya chakula. Ikichanganywa, jamani, tunajua inavyoishia.

Chagua mnachoweza kucheza wote wawili. Wewe kuwa na drafti yako huku, yeye awe na yake kule. Andikeni namba kwenye vyumba, kila mmoja ataje hatua yake kwa simu. Oman iko saa moja mbele ya Afrika Mashariki, kwa hiyo saa 11 jioni ya nyumbani ni saa 12 kwako. Na kama kazini hupewi nafasi ya kupiga simu kila siku, tumeni ujumbe wa sauti, hatua moja moja. Mchezo mmoja utachukua hata wiki mbili, na kila siku mtoto atakuwa anasubiri sauti yako.

Yule dada sasa anacheza hivyo na mwanawe. Juzi ametuambia, huku akicheka, kwamba kafungwa mara tatu mfululizo.

Basi Ijumaa hii, kabla hujaingia dukani, piga simu kwanza.